Kuchimba Chupa za Kale Kisii na Nyamira: Mwongozo wa Anayeanza

Kioo hakiozi. Kijiko cha chuma kilichotupwa shimoni miaka mia iliyopita kimekwisha kwa kutu na gazeti limeliwa na mchwa, lakini chupa iliyokuwa kando yao hutoka ardhini maandishi yake yakisomeka. Ndiyo maana kuna watu wanaotafuta majaa ya zamani. Uingereza, Marekani na Australia, kuyachimba ili kupata chupa ni uraibu wa siku nyingi, wenye vilabu, vitabu na minada yake. Kisii na Nyamira uraibu huu haujazoeleka, na anayeuanza huko hukutana na swali ambalo vitabu vya Ulaya havilijibu: katika Gusii, ni nani aliyekuwa na chupa za kutupa?

Zilikotoka na zilikotupwa

Kwa familia ya kawaida ya Kigusii enzi za ukoloni, chupa tupu haikuwa taka. Iliwekwa mafuta ya taa, asali, samli au dawa, ikatumika miaka na miaka, na ikatupwa ilipovunjika tu. Shimo la taka la nyumba kama hiyo lina majivu mengi, vigae vya vyungu, na pengine shingo mbili tatu za chupa. Chupa nzima zilitupwa na waliokuwa nazo nyingi: maafisa wa serikali, wamisionari, hospitali, wenye maduka, na walowezi.

Historia ya eneo inaonyesha waliishi wapi. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo bidhaa zilivushwa ziwani hadi bandari ndogo za kusini kama Kendu Bay, kisha zikapandishwa milimani. Mwaka 1907 Waingereza waliweka kituo cha utawala Getembe, palipo na mji wa Kisii leo. Januari 1908 mpiganaji wa Kigusii Otenyo Nyamaterere, aliyetiwa moyo na nabii Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya G. A. S. Northcote. Northcote alipona, na jeshi la kikoloni likaja kulipiza kisasi. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Septemba 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Kisii. Tarehe 12 kukawa na mapigano makali, na baada yake ofisi, maduka na misheni viliporwa. Vitu vingi vya miaka hiyo ya mwanzo vilivunjwa na kutawanywa wakati huo, kwa hiyo tabaka safi la kabla ya 1914 ni nadra mno na lina thamani kubwa kwa historia.

Nyamira ni tofauti. Wilaya yake iliundwa mwaka 1989 na kaunti ikaanza kazi 2013, na mji wenyewe ulikua polepole. Mahali penye matumaini zaidi huko ni mashariki, mpakani na Sotik, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wenyeji miaka ya 1960 kupitia mipango ya makazi kama ule wa Nyansiongo. Nyumba ya mlowezi ilikuwa na shimo lake la taka, kwa kawaida nyuma ya jikoni na upande wa mteremko. Baada ya hapo huja vituo vya maduka ya zamani vilivyokuwa kando ya barabara kuu.

Sheria na ruhusa

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inaweka mpaka wa mwaka 1895. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka huo ni cha kale kisheria, na kukitafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni. Kwa kuwa kituo cha Kisii kilianza 1907, majaa yake karibu yote ni machanga kuliko mpaka huo, ingawa chupa moja moja kongwe huenda ilisafiri na mwenyewe. Mabaki ya kuta za kale, makazi ya kabla ya ukoloni na eneo lolote lililotangazwa kuwa turathi yasiguswe kabisa. Kikipatikana kitu kinachoonekana kuwa cha enzi hizo, kazi isimamishwe na Makumbusho ya Taifa yaarifiwe. Tawi lililo karibu ni Makumbusho ya Kisumu.

Ruhusa ya ardhi ndiyo huwakwamisha wengi. Mashamba ya Gusii ni madogo, yamegawanywa kati ya ndugu, na mara nyingi hati miliki ingali kwa jina la babu aliyefariki. Idhini ya ndugu mmoja haitoshi.

1. Mwenye shamba atembelewe mchana, na mgeni ajitambulishe kikamilifu: jina, kwao ni wapi, ni mwana wa nani. Mzee huulizwa habari kwanza. Ombi huja baadaye.
2. Ndugu wote wenye haki katika kipande hicho, na mama mwenye nyumba, wakubali.
3. Mapatano yaandikwe: sehemu itakayochimbwa, kina, siku, nani atabaki na kitakachopatikana, na ahadi ya kufukia. Wote watie sahihi mbele ya shahidi.
4. Mzee wa kijiji na naibu wa chifu waarifiwe. Kwa ardhi ya misheni, shule, hospitali au kaunti, barua ipelekwe kwa msimamizi na jibu la maandishi lisubiriwe.

Ieleweke kwamba uchimbaji huzua minong'ono. Wapo watakaodhani dhahabu ya Wajerumani inatafutwa, au zebaki nyekundu ambayo matapeli huwauzia watu. Njia ya kuizima ni kufanya kazi mchana, mbele ya macho ya watu, na kuwaonyesha watoto na majirani kila kinachotoka.

TAHADHARI: chupa na shutuma za uchawi
Chupa yenye mizizi, nywele, kitambaa au unga inaweza kutoka katika shimo la nyumba ya mtu. Isiinuliwe juu, isipigwe picha ya kusambazwa, na isihusishwe na jina la yeyote. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Wazee hutunza dawa za miti shamba katika chupa, na hilo si kosa. Chupa ya aina hiyo irudishwe ilipokuwa, ifunikwe, na kazi ihamie pengine.

Kulitambua jaa

Mahojiano na wazee hufaa kuliko kifaa chochote. Swali zuri si "hazina iko wapi?" bali "duka la Mhindi lilikuwa likimwaga majivu wapi?" au "mpishi wa misheni alitupa wapi mikebe?" Watu waliochunga ng'ombe eneo hilo utotoni hukumbuka mahali walipokatwa miguu na vigae.

Kisha ardhi yenyewe isomwe. Udongo wa Kisii ni mwekundu na wa kina kirefu, kwa hiyo doa jeusi au la kijivu lenye majivu huonekana upesi kwenye ukingo wa mtaro, kwenye njia ya maji, au katika shamba lililolimwa. Kichuguu cha fuko kinastahili kutazamwa kwa karibu: mnyama huyo husukuma juu vipande vidogo vya kioo, makaa na vigae vya sahani kutoka chini, na kichuguu kimoja chenye vipande vitatu vya kioo cha kijani kilichoiva kinaeleza mengi kuliko saa nzima ya kubahatisha kwa jembe. Mgomba ulionawiri kupita wenzake, au kisehemu ambamo nyasi ni nene bila sababu, pia huashiria taka zilizooza. Mashimo ya taka yaliyojaa hupandwa migomba hadi leo, na ruhusa ya kung'oa mgomba iombwe peke yake.

Fimbo ya chuma nyembamba, yenye ncha butu na mpini wa kukingama juu, husaidia kupima. Isukumwe taratibu kwa mikono, isigongwe. Katika udongo mwekundu usioguswa huzama kwa ukinzani ulio sawa. Katika jaa huzama kwa kushtukashtuka na kutoa mlio wa mkwaruzo.

Vyoo vya shimo vya zamani, ambavyo wachimbaji wa Marekani huvipenda, haviingii katika mwongozo huu. Kina chake ni kirefu mno kwa anayeanza, na kuta zake hazitabiriki.

Vifaa

- Jembe la meno, sepeto, na mwiko wa fundi kwa kazi ya karibu
- Kijiti cha mti na brashi laini. Chuma kisiguse kioo
- Gambuti zenye soli ngumu, glavu nene za ngozi, miwani ya kukinga macho
- Turubai mbili: moja ya udongo, moja ya vitu
- Ndoo, magazeti ya kufungia, mifuko na kalamu isiyofutika
- Daftari, futi ya kupimia, simu yenye kamera
- Sanduku la huduma ya kwanza, maji safi na sabuni

Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika kabla ya siku ya kwanza. Chupa zilizovunjika ndizo nyingi zaidi katika jaa lolote, na mkato wa kigae kilichokaa udongoni si jambo la kuoshwa kwa mate.

Kuchimba

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Udongo wa Kisii ukikauka husimama wima na kumdanganya mtu. Ukilowa humeguka kwa kipande kizima, na takataka za jaa ni legevu zaidi. Wachimba mawe ya sabuni wa Tabaka, huko Kisii, wanaifahamu hatari hiyo vizuri. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, ikikolea Machi hadi Mei. Januari na Februari ndiyo miezi yenye nafuu.

1. Wachimbaji wawe wawili au zaidi, na mmoja awe nje ya shimo wakati wote.
2. Eneo lipigwe picha kabla ya kuguswa. Kipande cha mita 1 kwa mita 2 kipimwe na kuwekewa kamba.
3. Nyasi na udongo wa juu vitolewe na kuwekwa peke yake, ili virudi juu mwishoni.
4. Udongo uliochimbwa uwekwe umbali wa mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Ukirundikwa ukingoni huongeza uzito na kuangusha ukuta.
5. Shimo literemke sawasawa, sentimita 10 hadi 15 kwa wakati, kuta zikiwa na mteremko. Kuchimbua ubavu wa jaa kufuata chupa inayochungulia kumeua watu katika nchi ambako uraibu huu ni mkongwe.
6. Kina kisipite mita 1.2. Kiuno cha mtu mzima ni kipimo kizuri zaidi.
7. Kitako cha chupa kikionekana, jembe liwekwe chini. Udongo uondolewe pande zote kwa kijiti na vidole vyenye glavu mpaka chupa ilegee yenyewe. Ikivutwa kwa shingo, shingo hubaki mkononi.
8. Kabla ya kuinuliwa, ipigwe picha ilipolala, na kina chake kiandikwe.
9. Jioni shimo lifukiwe na kushindiliwa kwa tabaka. Katika kijiji chenye watoto na ng'ombe, shimo lililoachwa wazi usiku mmoja ni usiku mmoja mno.

TAHADHARI: vitu visivyoguswa
- Risasi, kombora au chuma chochote kinachofanana na silaha. Palipiganwa vita mwaka 1914. Watu waondoke na polisi waitwe.
- Mifupa inayodhaniwa kuwa ya binadamu. Wagusii huzika nyumbani, na makaburi mengi ya zamani hayana alama. Kazi ikome, mwenye boma na naibu wa chifu waitwe, kisha polisi.
- Eneo la josho la ng'ombe. Majosho ya zamani yalitumia dawa za aseniki, na sumu hiyo hukaa udongoni.
- Sindano, vichupa vya dawa vyenye kitu ndani, na taka za hospitali. Afisa wa afya ya umma aarifiwe.
- Chupa iliyozibwa yenye majimaji. Isifunguliwe, isinuswe, isimwagwe.
- Nyoka. Mikebe na mawe yaliyolundikana yageuzwe kwa fimbo ndefu, si kwa mkono.

Jaa la mji linalotumika sasa si mahali pa uraibu huu. Lina taka za kila aina, moshi, na watu wanaolitegemea kwa riziki.

Kusoma umri wa chupa

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Chupa iliyooshwa ishikwe mbele ya mwanga na kuzungushwa polepole, jicho likifuata mstari mwembamba unaopanda ubavuni. Huo ni mshono ulioachwa na kalibu. Ukikoma chini ya mdomo, chupa ilipulizwa kwa pumzi ya mtu na mdomo ukamaliziwa kwa mkono. Ukipita hadi juu ya mdomo wenyewe, ni ya mashine. Michael Owens wa Marekani alikamilisha mashine ya kutengeneza chupa mwaka 1903, na katika miongo miwili iliyofuata kazi ya mkono ilirudi nyuma kwa kasi. Kwa Kisii, mshono unaokoma shingoni unamaanisha kwa kawaida miaka ya mwanzo ya kituo. Viputo vya hewa ndani ya kioo, kitako kisicho sawa na shingo iliyopinda kidogo huunga mkono ushahidi huo, lakini kimoja peke yake hakitoshi.

Kizibo hueleza pia. Mdomo mnene usio na hesi ulikuwa wa kizibo cha gome. Mdomo wenye ukingo mdogo wa kushikia kifuniko cha bati haukuwepo kabla ya uvumbuzi wa William Painter wa mwaka 1892. Chupa ya soda yenye gololi shingoni ni uvumbuzi wa Mwingereza Hiram Codd, mwaka 1872: gesi ya ndani huisukuma gololi ijibane kwenye duara la mpira na kuziba. Nzima ni adimu, kwa sababu watoto walizivunja kupata gololi. Ikumbukwe kwamba viwanda vya soda India viliendelea na chupa hizo muda mrefu sana, kwa hiyo umbo lake peke yake si ushahidi wa ukongwe.

Maandishi yaliyoinuka kwenye kioo ni shahidi bora. Herufi B.E.A., za Afrika Mashariki ya Kiingereza, huelekeza kabla ya 1920, mwaka ambao nchi iligeuzwa Koloni la Kenya. Jina la Kenya Breweries haliwezi kutangulia 1922, kampuni ilipoanzishwa. Chupa ya Coca-Cola ya Kenya haitangulii 1948. Maandishi ya rangi yaliyochomwa juu ya kioo, tofauti na yaliyoinuka, ni ya miaka ya 1930 na kuendelea.

Rangi hutumika kwa uangalifu. Kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi kilikuwa cha bia, mvinyo na jini. Buluu kali au kijani chenye mifuo ubavuni kilitumika kwa sumu, ili mtu aitambue hata gizani kwa kupapasa. Chupa hiyo isitumiwe tena kwa chakula. Zambarau hafifu hutokana na manganizi iliyotiwa kwenye kioo cheupe, ambayo hugeuka rangi ikipigwa na jua. Chupa nzito za udongo wa kuchomwa, zenye rangi ya maziwa na kahawia, zilikuwa za kinywaji cha tangawizi kutoka Uingereza.

Vitu jirani visaidie. Sarafu za senti zenye tundu katikati hupatikana katika majaa mengi: zilizoandikwa East Africa & Uganda Protectorates ni za kabla ya 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Kanuni yake ni hii: tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko kitu kichanga zaidi kilichomo ndani yake. Chupa ya gololi iliyolala juu ya sarafu ya 1942 ilitupwa mwaka 1942 au baadaye, hata kama ilitengenezwa zamani zaidi.

Kusafisha na kuandika

Chupa ikae kwenye maji ya kawaida yenye sabuni kwa siku moja au mbili. Maji ya moto hupasua kioo kilichokaa ardhini. Uchafu wa ndani hutolewa kwa mchele mbichi na maji kidogo, chupa ikitikiswa taratibu; mchanga usitumike, maana hukwaruza. Utando mweupe wa chokaa hulainishwa kwa siki. Asidi za betri au za kusafishia vyoo zisitumike. Kioo chenye mng'ao wa rangi nyingi kama mafuta juu ya maji kimeliwa na unyevu; kisisuguliwe, maana mng'ao huo ni ngozi yake yenyewe na hubanduka. Lebo ya karatasi iliyosalimika isiloweshwe hata kidogo.

Kila kitu kipewe namba, na daftari liwe na:

☐ tarehe, kijiji na kata
☐ jina la mwenye shamba, kwa idhini yake
☐ kina kilipotoka na kilichokuwa jirani
☐ urefu, rangi, mshono, kizibo
☐ maandishi yote, herufi kwa herufi, pamoja na ya kitako
☐ habari waliyoitoa wazee kuhusu mahali hapo

Bila rekodi hii chupa ya dawa kutoka Nyanchwa haitofautiki na iliyonunuliwa mnadani London. Ikiwa na rekodi, inaweza kuonyesha wagonjwa wa Gusii walianza lini kupewa dawa fulani, na ililetwa na nani.

Makosa ya kawaida

Wengi huchukua nzima na kuacha vigae, ilhali kigae chenye jina la duka huzidi chupa tano zisizo na maandishi. Wengine huchanganya vitu vya tabaka mbili ndani ya ndoo moja, na hapo ushahidi wa umri umekwisha. Wapo wanaomwaga vigae vilivyobaki juu ya shamba la mtu. Hivyo vizikwe chini kabisa ya shimo kabla ya kufukia, mahali jembe halitafika. Na wapo wanaomwahidi mwenye shamba fedha nyingi. Soko la chupa hizi nchini ni dogo mno, na ahadi hiyo huishia kwenye ugomvi. Mapatano yanayodumu ni kumpa mwenye ardhi haki ya kuchagua kwanza.

Maduka ya zamani ya mji wa Kisii yanabomolewa mwaka hadi mwaka kupisha majengo ya ghorofa, na mashine husomba majaa yao pamoja na udongo. Aliyepata chupa au kigae chenye jina la duka, hospitali au misheni ya Gusii akipige picha pande zote, aandike kilikotoka, na apeleke nakala Makumbusho ya Kisumu kabla ya kukiuza au kukigawa.